Kidole cha Helve

Mimi ndimi niliyempaka jeli utosini,
jeli baridi, mwezi wa Februari, mjini Tartu,
nikimtenga nywele nyeupe kwa ncha ya kitana
nibandike vifungo sitini na vinne na nyaya zake,
hata akafanana na kitunguu kilichochipua.
"Nibonyeze lini?" akauliza.
"Utakapotaka."
"Nitakapotaka," akarudia, kama mtu
aonjaye mchuzi akahisi umepungukiwa na kitu.

Helve Kuusk, miaka sabini na mitatu.
Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza Valga,
kwenye kibanda cha reli, akivuta wenzo
wa kuhamisha gari-moshi kutoka njia hii kwenda ile.
Gari halichagui, aliniambia, wala mimi sikuchagua:
ratiba ilifika asubuhi na muhuri wake,
na aliyepiga muhuri naye alikuwa na karatasi yake.

Nyuma ya kioo Profesa Raud alinionyesha mchirizi
unavyoinuka kabla ya kidole,
kope moja kabla, kope moja na nusu.
Ubongo umeshafunga mizigo, umeshatoka,
ndipo mwenye nyumba anapoamshwa kuambiwa,
naye hujibu haraka: "Naam, nimeamua."
Watu mia moja na kumi kabla ya Helve
walibonyeza, wakabonyeza, wakalipwa euro kumi na tano,
wakaenda zao wakijua walitaka.

Helve hakubonyeza.

Dakika tano. Dakika kumi na mbili.
Mchirizi ulipanda kama maziwa motoni,
ukafika ukingoni, ukashuka.
Ukapanda tena. Ukashuka.
Kidole juu ya kitufe kimetulia
kama paka aliyemwona panya akakumbuka ameshiba.
Dakika arobaini. Nje theluji iliangukia baiskeli ya mtu,
kila chembe ikitua, nadhani,
pale pale ilipokuwa lazima itue.

"Data imeharibika," alisema profesa. "Ifute."
Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza:
"Hata ukaidi una mizizi. Bila shaka ni wa mama yake."

Nilipokuwa nikimwosha kichwa kwa maji ya vuguvugu
nilimuuliza habari za mama yake.
"Mpole," alisema. "Alikubali kila kitu.
Walipokuja usiku wakamwambia fungasha, alifungasha,
hata wakamngojea akunje vitambaa vya meza.
Mimi nilizaliwa huko, mwisho wa reli."
Maji yalichuruzika sikioni mwake, hakuyafuta.
"Labda ile hapana ni yake. Ilichelewa tu,
ikashukia kituo changu."
"Basi profesa amekosea?"
"Au amepatia kuliko anavyojua. Nipe taulo, kijana."

Nikampa taulo.
Ningeweza kutompa?
Mzee wa watu, kichwa kimelowa, baridi ile?
Hapo ndipo swali linaponishinda:
kila nikitafuta palipokuwa na mlango wa pili
nakuta ukuta, na ukutani picha ya mama yangu
akinifundisha kumpokea mtu mkoba.
Na bado mkono ulikuwa wangu. Taulo ilikuwa na joto,
nilikuwa nimeiweka juu ya kipasha joto mapema,
kabla hajaniomba, kabla sijafikiri kuwa ataomba.

Faili lake, namba mia moja kumi na moja,
sijalifuta hadi leo. Mwaka wa nne huu.
Ukiniuliza kwa nini, sababu ninazo,
na hizo sababu ndizo hasa zinazonitia shaka:
huja zimeshavaa viatu, zimeshakunywa chai,
kama wageni walioamka kabla yangu nyumbani mwangu.

Usiku mwingine hulifungua nikautazama ule mchirizi,
ukipanda, ukikaribia, ukikataa,
nikasema, hapa, hapa hasa, pana mtu.
Nikigeuka, mkono wangu umeshafika kwenye kikombe.
Sikumbuki kuutuma.